Shangazi, nikiachia mwiko nitabaki nani?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 43, mkazi wa Tanga mjini. Mume wangu ni seremala. Mwaka juzi niliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Zahanati moja waliniambia ni jipu, wakanipa vidonge, nami nikaridhika kwa sababu halikuwa linauma na nilikuwa nimeshachukua tenda ya kupika harusi. Ngozi ilipoanza kuvutika kwa ndani ndipo nikaenda hospitali kubwa, nikapewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Nimekatwa titi, nimetundikiwa dripu mpaka nywele zikaisha, nimepigwa mionzi. Nikarudi nyumbani, ikasomwa dua, watu wakala pilau. Nikajua yamekwisha.

Mwaka huu mgongo ukaanza kuuma. Nikasema ni jiko tu, maana ukiinamia mafiga miaka yote hii lazima mgongo udai chake. Kupimwa, ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa, uti wa mgongo na nyonga. Daktari hakunificha. Alisema ni hatua ya 4, hautaondoka mwilini, ila zipo dawa za kuushikilia na wapo wanaoishi nao miaka. Nina vidonge vya kila siku na sindano ya mifupa. Nimekatazwa kubeba kizito chochote: ndoo, sufuria, gunia, hata kitinda mimba wangu.

Shangazi, kifo sikiogopi sana, kila mtu ana siku yake. Kinachonitafuna ni kwamba nipo hai na tayari nimeanza kurithiwa.

Mtaani kwetu mimi ndiye mpishi wa shughuli. Iwe harusi, maulidi au arobaini, sufuria kubwa halipandi mafigani bila mimi kuitwa. Juzi juzi jirani alifiwa. Nikaenda na kanga yangu kiunoni kama kawaida, kila mtu ananinyang'anya: lete kisu dada, acha hiyo, wewe kapumzike. Wakanikalisha mkekani na bibi wazee. Nasikia kule uani wanabishana maji ya wali, wali ukatoka mashendea, nami nimekaa na tasbihi mkononi kama mgeni aliyeshuka na boti kutoka Pemba.

Kwenye kikoba mimi ni mweka hazina, mmoja wa watatu wenye funguo za sanduku. Sasa nasikia wenzangu wanakutana pembeni, wanasema tusimsumbue. Nina mkopo humo. Sijui wananionea huruma au wanaogopea fedha zao.

Asubuhi nilikuwa nauza vitumbua. Siku hizi binti yangu wa kidato cha tatu ndiye anayeamka saa tisa usiku kuvipika, anauza kabla ya kwenda shule. Hajalalamika hata mara moja. Walimu wanasema anasinzia darasani. Mama mkwe amehamia kwetu kusaidia, Mungu ambariki, lakini amepanga upya jiko langu lote, na mwanangu mdogo siku hizi akianguka hukimbilia kwake.

Mume wangu ni mtu mwema. Anafua usiku na nguo anaanika ndani, kwa sababu ndugu zake wameshasema nimemlisha limbwata. Lakini tangu majibu ya mifupa yatoke analala chini kwenye mkeka. Anasema anaogopa kuniumiza. Mimi ni somo, Shangazi, nimefunda wari wangapi hapa mtaani namna ya kukaa na mume. Hivi karibuni mama mmoja alimpeleka mwanawe kwa somo mwingine, hakuniambia, nimesikia kwa watu. Moyoni nikamwelewa. Mwanamke mwenye titi moja, mume analala mkekani, atamfunda nini mwari?

Kwetu mimi ni kifungua mimba, na ada ya chuo ya mdogo wetu wa mwisho ilikuwa inatoka kwangu. Ndugu zangu sijawaambia kuwa ugonjwa umerudi. Wifi anasema nimetupiwa, nifuatane naye kwa mganga huko shamba, hospitali niache kwanza. Halafu kuna kina mama wameniomba mwezi wa Oktoba, siku ya matembezi ya pinki, nisimame niseme nimeishinda saratani. Sikuishinda. Nikaseme nini?

Mwezi wa Shaabani kuna harusi ya mtoto wa mdogo wangu, na baada yake ndiyo Ramadhani inaingia. Niambie, nijiuzulu kila kitu nikae kitandani kama wanavyotaka, au ning'ang'anie?

Mama wa Vitumbua, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, halafu nikaisoma na muuguzi wa tiba shufaa, wale wa kutuliza maumivu ya wagonjwa, ninayemwamini. Kwa hiyo yaliyo ya hospitali humu yamepita mikononi mwake. Ya uani na ya chumbani ni yangu, lawama zije kwangu.

Tuanze na mgongo, maana huo hausubiri. Siku ukiona maumivu yamebadilika ghafla, miguu imekuwa mizito au inakufa ganzi, unayumba ukitembea, au umeshindwa kuzuia mkojo au choo, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mlangoni kuwa una saratani ya titi iliyoingia kwenye uti wa mgongo. Ugonjwa ukibana mishipa ya fahamu ya mgongoni, saa chache ndizo zinazoamua kama mtu ataendelea kutembea. Mume na mama mkwe walijue hili kwa moyo. Na kama maumivu ya kawaida hayajatulia, sema, usijikaze kisomo. Mfupa mmoja unaouma unaweza kupigwa mionzi mara moja tu ukapoa. Morfini ya maji nayo watu wanaiogopa wakidhani ni dawa ya kumuagia mgonjwa. Wapo wanaoinywa asubuhi wakaenda zao sokoni. Siku za mwanzo italeta usingizi, na choo kitafunga, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Haya mengine yote nitakayokwambia hayatafanyika ukiwa unauma meno kwa maumivu.

Sasa swali lako. Umeniuliza ujiuzulu au ung'ang'anie. Sikushauri hili wala lile, kwa sababu yote mawili yanachukulia kuwa nafasi yako na mzigo wake ni kitu kimoja. Kila nafasi uliyonayo ina ubebaji na ina uamuzi. Ugonjwa umechukua ubebaji. Uamuzi haukuguswa, ila watu kwa mapenzi yao wanauchukua pamoja na ndoo. Hapo ndipo pa kusimamia.

Tazama huo upishi. Kwani shughuli inapikwa na mgongo? Mpishi ni yule anayejua mchele wa Kyela unataka maji kiasi gani na huu wa Kahama kiasi gani. Anajua nazi ngapi kwa kilo ngapi, saa ya kupunguza kuni, saa ya kupalia makaa juu ya kifuniko. Anajua nyama ya kuficha kwa ajili ya wageni wa upande wa bwana harusi wanaochelewa siku zote. Anajua kina mama fulani hawasemeshani tangu ugomvi wa mwaka jana, wasiwekwe kwenye karai moja la vitunguu. Lipi kati ya hayo linabebwa kichwani? Waliokunyang'anya kisu hawakukosea, kisu si chako tena. Walikosea kukukalisha mkekani mbali na moto, na ushahidi wa kosa lao ni yale mashendea.

Kwenye harusi ya Shaabani usifike ukasubiri kunyang'anywa. Mpigie mdogo wako wiki hii. Mwambie utapika, na upishi wako safari hii unataka vitu viwili: kiti chenye mgongo, kikae uani upande usiovuma moshi, na mtu mmoja wa kuwa mikono yako. Mkeka ukatae, kuinuka chini kunaitesa nyonga. Huyo mtu umchague wewe, usiachie kikao. Chagua mwenye kusikia maneno, hata kama hajui sana, umwache yule hodari anayedhani ameshahitimu. Siku ya kumenya vitunguu mwite mbele ya wenzake useme: mwiko leo anao huyu, mimi naangalia, mwenye swali aniulize. Liseme mwenyewe, kwa sauti, kabla hawajaanza kunong'ona. Wakilisema wao litatoka kwa lugha ya msiba.

Muuguzi ameniomba nikueleze kuhusu uchovu. Uchovu wa ugonjwa huu na wa dawa zake haufanani na wa shambani, hauishi kwa kulala usiku mmoja. Utakuwa na saa nzuri na saa mbovu. Zichunguze zako ni zipi, halafu uzigawe kwa uchoyo. Ukizimaliza uani asubuhi, jioni huna cha kumpa binti yako. Wengi waliokupenda watagombania saa hizo hizo, na jibu la kuwa "leo siwezi" halihitaji maelezo marefu. Nyoosha miguu, tembea kidogo kidogo kila siku kama daktari ameruhusu, maana kulala kutwa kunaongeza uchovu badala ya kuupunguza. Mkono wa kushoto nao uutunze. Kama walikutoa tezi za kwapani unaweza kuvimba, kwa hiyo usiuunguze, usiukate, na ukiona umejaa waonyeshe.

Siku nyingine utakuwa umeahidi na asubuhi mwili utakataa. Ndiyo sababu huyo mikono yako lazima ajue kuanza bila kukupigia simu. Na ipo siku pilau litatoka zuri na wewe hukuwepo kabisa. Litakuuma. Hilo sina dawa yake, mwanangu, nakwambia tu lisije likakukuta ghafla.

Kikoba ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu kina daftari. Hofu yote ile ya pembeni imetokana na kutojua. Usingoje wakuite. Siku ya mkutano waambie ugonjwa umerudi, umefika kwenye mifupa, unatibiwa, na akili yako ya hesabu ipo. Waambie mkopo wako umebaki kiasi gani na utaulipa kwa mpango gani. Omba msaidizi wa kukaa nawe kwenye kuhesabu, aandike mbele yako, na siku usipofika ufunguo aje nao yeye. Jambo hilo lingefaa hata kwa mweka hazina mzima, maana sanduku lenye kufuli tatu halifunguki mwenye ufunguo akiwa Dar es Salaam kliniki. Na kama wana mfuko wa jamii, wakikupa pokea. Wewe ulichanga kwa wengine miaka yote, hiyo si sadaka.

Ya binti yako hapa nitakukaripia. Umeandika kuwa hajalalamika hata mara moja, kama mtu anayetoa sifa. Mtoto wa kidato cha tatu ambaye mama yake anaumwa hatalalamika, amwambie nani? Mwakani ni mtihani wa kidato cha nne. Kuamka saa tisa usiku kukome wiki hii. Umeniambia pia kuwa mama mkwe amekosa la kufanya mpaka anapanga upya jiko lako. Mama mtu mzima kama yule anaamka kwa ajili ya Alfajiri hata hivyo. Mpe vitumbua. Wewe jioni ukae uloweke mchele, upime nazi, hiliki na hamira, uumue, kazi za kukaa zote hizo na ladha inabaki yako. Yeye apike asubuhi, mgawane faida kwa hesabu iliyo wazi. Akipata kazi ya kueleweka atapunguza kuhamisha vyungu vyako, na asipopunguza, mwambie kwa adabu kuwa chungu cha chumvi kirudi palipokuwa. Moja tu. Usigombee rafu nzima.

Huyo mdogo anayekimbilia kwa bibi yake, mwache akimbilie. Najua linachoma. Lakini kwa hali yako mtoto anahitaji mapaja zaidi ya ya mtu mmoja, na ni heri ayazoee wewe ukiwepo. Kumbeba umekatazwa, kumpakata hujakatazwa. Mfundishe kupanda kitandani mwenyewe, iwe ni mchezo wake, na saa moja ya hadithi kabla ya kulala isiguswe na mtu mwingine.

Watoto waambie ukweli kwa kipimo cha umri wao. Mdogo anatosha kujua jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi, na kwamba hakuna alichofanya kilichouleta. Watoto hujilaumu kimyakimya, na wakifichwa hubuni ya kwao yanayotisha kuliko ya daktari. Mkubwa atauliza kama utakufa. Usimwambie hapana. Mwambie ugonjwa hautaisha, unatibiwa, na kikibadilika kitu atakijua kwako kabla ya kukisikia kwa majirani. Kisha timiza. Yeye na dada zako pia wanahitaji kujua kuwa umeugua ukiwa kijana, ili watakapokwenda hospitali walitaje. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi, ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100 zinazotokana na urithi wa familia, lakini mwenye ndugu wa damu aliyeugua huanza kuchunguzwa mapema na hapuuzi uvimbe eti kwa sababu hauumi.

Mume wako nampenda, na nguo zake ananikera nazo. Anike nje. Ndugu zake wanasema limbwata kwa sababu wameachiwa nafasi ya kusema. Mwanamume akianika kanga za mkewe juani, mchana, na kuulizwa akajibu "mke wangu anaumwa, nafua", maneno yanakosa pa kushika. Kuendelea kufua usiku ndiko kunakofanya ionekane ni aibu. Lakini hilo aamue yeye, wewe mwambie tu kuwa huoni haya. Na usimfulie kwa kuibia akiwa kazini ili kulinda jina lake mtaani, nimeshawaona wanawake wanaofanya hivyo wakarudi kitandani kwa wiki nzima.

Mkeka sasa. Umehukumu kuwa ameudhika na mwili wako, yeye amesema anaogopa kukuumiza, na hakuna aliyemuuliza mwenzake zaidi ya hapo. Muulize, taa ikiwa imezimwa kama ni rahisi hivyo. Tendo la ndoa halisambazi saratani wala halimwambukizi yeye. Uti na nyonga vikiwa dhaifu, uzito usikae juu yako, laleni ubavu na mto katikati ya magoti, na umuulize daktari kama kuna mwendo wa kuepuka. Dawa za homoni hukausha sehemu za siri, na vipo vilainishi vya maji vya kuondoa shida hiyo, muulize muuguzi bila haya, ameshasikia makubwa zaidi. Mimba ikwepeni kwa kondomu au kitanzi cha shaba, si kwa vidonge wala sindano za uzazi wa mpango, maana zile zina homoni. Na kama tendo lenyewe hulitaki sasa, sema hivyo pia, lakini arudi kitandani. Kulala karibu hakuhitaji ruhusa ya daktari.

Umeuliza mwanamke mwenye titi moja atamfunda nini mwari. Yule mama aliyempeleka mwanawe kwingine sijui aliwaza nini. Huenda alikuonea huruma, huenda ni ile imani kuwa mgonjwa hapaswi kugusa jambo la heri. Mradi usomo haujawahi kuwa wa kifua, ni wa ulimi na kutunza siri. Wewe leo unajua jambo ambalo masomo wengi wa mjini hawalijui, nalo ni namna ndoa inavyokaa mwili ukibadilika. Wari wanafundishwa kupendeza, hawafundishwi siku mmoja wao atakapougua. Tena ungeongeza jingine: mwari ajue kifua chake kikoje kikiwa kizima, ili akiona ngozi imevutika, chuchu imegeuka au kuna uvimbe kwapani asikubali kuambiwa ni jipu mara ya pili. Maneno hayo yakitoka kwako yatasikika kuliko yakitoka kwenye bango la kliniki.

Nafasi moja sidhani utaibakisha, nayo ni ya kulipa ada. Ada inabebwa na fedha, na fedha zimekwenda kwenye nauli za Dar es Salaam na dawa. Hapo kujiuzulu ni halali. Itisha kikao cha ndugu, waambie yote, na waambie kuanzia muhula ujao ada igawanywe. Utabaki dada mkubwa kwa kuwa wewe ndiye uliyeitisha kikao. Ukiwaficha watakuja kujua siku umezidiwa, na mdogo wenu atafukuzwa chuo kwa deni ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Kikao hicho hicho kiandike madeni yako na wanaokudai. Wosia nao usiogope, kuuandika hakukupunguzii siku. RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanasaidia kuuandika na kuuhifadhi, na kama unataka ufuate sharia ya mirathi ya Kiislamu, keti kwanza na sheikh.

Wifi usigombane naye. Anataka kukufaa na hajui njia nyingine. Mpe kazi: safari ijayo ya Dar es Salaam yeye ndiye awe msindikizaji, aketi chumbani kwa daktari na maswali yake yote, hata lile la kutupiwa. Dua haigombani na vidonge. Kinachogombana navyo ni kuviacha, na majani ya kuchemsha usiyojua yana nini. Hayo usiyanywe kabla ya kumwonyesha daktari.

Ramadhani usijitese. Daktari akisema usifunge, mgonjwa ana ruhusa, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka hutoa fidia, kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Mpangilie hilo na sheikh wako. Anayekaa na kupanga futari ya maskini ana kazi Ramadhani nzima, na sala ya kwenye kiti ni sala.

Kuhusu Oktoba, nenda ukitaka. Matembezi yale yanawapenda waliopona, wanapigiwa makofi na kupewa fulana, na mwenye hatua ya 4 hubaki nyuma kana kwamba amefeli mtihani, ilhali wanawake wengi wa nchi hii hufika hospitali ugonjwa umeshakwenda mbali. Waandalizi waambie mapema kwamba hutasema umeishinda. Utasema una saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa, unatibiwa, unapika harusi ukiwa umekaa kitini na unasimamia fedha za wanawake wenzako. Wakijibu kwamba maneno hayo hayafai kwa siku ya sherehe, wamtafute msemaji mwingine, na wewe siku hiyo uitumie saa yako nzuri mahali pengine.